Harakati nne za Uingereza na Ayalandi, 1823 hadi 1882: uanze na ipi?

Karne ya 19 huko Uingereza na Ayalandi imejaa harakati kiasi kwamba anayetaka kujua watu wasio na sauti waliibanaje serikali hajui aanzie wapi. Mwanafunzi anatafuta mada ya insha, mwalimu anatafuta kisa kimoja cha kutosha vipindi vitatu, katibu wa chama cha wakulima anatafuta mbinu. Wote hupewa orodha ileile ya sheria na miaka, na wote huichoka kabla hawajafika 1850.

Hapa nimezipanga nne ubavu kwa ubavu. Nimeacha nyingine kubwa, kama vita dhidi ya utumwa, saa 10 za kazi viwandani na kura ya wanawake, si kwa dharau bali kwa kuwa hizo zina wasomaji wake tayari. Hizi nne zinalinganishika kwa urahisi. Watu wake walijuana, wakagombana, wakanyang'anyana wafuasi, na kila moja ililijibu kwa namna yake swali moja: mtu asiye na kiti bungeni ana nini mkononi hata serikali imwogope?

Kwanza hali ilivyokuwa. Hadi 1832 Manchester, mji wa viwanda vya pamba, haukuwa na mbunge wake hata mmoja, ilhali Old Sarum, kilima kitupu kisicho na wakazi, kilipeleka wabunge wawili. Tarehe 16 Agosti 1819 watu wapatao 60,000 walikusanyika kwenye uwanja wa St Peter mjini Manchester kudai uwakilishi. Askari wa farasi waliwaingilia kwa panga, wakafa watu kati ya 15 na 18 na mamia wakajeruhiwa. Sheria ya 1832 ikaja kufuta majimbo hewa mengi na kuwapa kura watu wa tabaka la kati. Mfanyakazi wa kawaida, aliyeandamana nao siku zote hizo, aliachwa mlangoni.

Basi nne zenyewe. Chama cha Wakatoliki kiliundwa Dublin mwaka 1823 na wakili Daniel O'Connell na wenzake, kudai Wakatoliki waruhusiwe kukaa bungeni. Umoja wa Kupinga Sheria za Nafaka ulianza Manchester mwaka 1838 na kupanuka kuwa wa nchi nzima mwaka uliofuata. Nitauita Umoja wa Manchester kwa ufupi. Wachartisti walikuwa wafanyakazi wa Uingereza na mafundi wa London walioutangaza Mkataba wa Watu (kwa Kiingereza Charter, ndipo lilipotoka jina lao) mwezi Mei 1838, na wakapigana hadi 1848. Umoja wa Ardhi ulizinduliwa Dublin tarehe 21 Oktoba 1879, Charles Stewart Parnell akiwa rais wake na Michael Davitt akiwa injini yake, ukapigwa marufuku miaka miwili baadaye.

Dai moja, au sita

Umoja wa Manchester ulikuwa na dai moja tu: futa ushuru wa nafaka, wote, sasa hivi. Sheria ya 1815 iliizuia ngano ya nje isiuzwe nchini mpaka ya ndani ifike shilingi 80 kwa kota, kipimo cha karibu kilo 220. Wenye mashamba makubwa walifurahia bei hiyo; mjini ilikuwa mkate ghali. Baadaye sheria ililegezwa kidogo kwa ushuru unaopanda na kushuka kufuata bei, lakini kiini kilibaki. Richard Cobden, mfanyabiashara wa vitambaa vya kuchapwa, alikataa kila aliyemshauri aongeze dai la pili. Hata suala la kura aliliweka kando.

Wachartisti walikuwa na madai sita: kura kwa kila mwanamume wa miaka 21, kura ya siri, kufutwa kwa sharti la mali kwa mgombea, mshahara kwa wabunge, majimbo yenye idadi sawa ya watu, na uchaguzi kila mwaka. Ukiyatazama vizuri utaona yanategemeana kama nguzo za nyumba moja. Kura bila siri ni bure, kwa sababu mwajiri anakuona ukipiga. Mgombea fundi asiye na mshahara wa ubunge atakula nini London? Ni mpango wa watu waliofikiri sana. Ubaya wake ni kwamba huwezi kushinda nusu yake ukajiona umeshinda, na serikali haikuwa na sehemu ya kuachia kidogo ili ipumue.

O'Connell alichagua dai ambalo kwa juujuu halikumgusa mkulima maskini. Mkulima wa Clare, jimbo la magharibi mwa Ayalandi, hakuwa na ndoto ya kuwa mbunge. Lakini kati ya vikwazo vya sheria za zamani zilizomnyima Mkatoliki mambo mengi, kiti cha bungeni kilikuwa ndicho kizuizi kikubwa kilichobaki, na O'Connell alilifanya dai hilo libebe kila uchungu mwingine: kodi ya shamba, zaka inayolipwa kwa kanisa lisilo lako, hakimu asiyekupenda.

Umoja wa Ardhi ulidai haki tatu kwa mkulima aliyepanga shamba la mwingine: kodi ya haki, uhakika wa kutofukuzwa maadamu analipa, na ruhusa ya kuuza upangaji wake akiondoka. Nyuma ya hayo matatu lilisimama dai kubwa zaidi, kwamba aliyelima ndiye awe mwenye ardhi, na viongozi hawakuafikiana maana yake. Parnell alitaka mkulima amiliki kipande chake. Davitt baadaye alisema wazi kwamba ardhi iwe ya taifa. Walikubaliana kutogombana mapema, jambo ambalo Wachartisti hawakuliweza.

Nani alitoa pesa

Hapa ndipo wengi hawatazami, na ndipo harakati hizi zinapotofautiana kweli.

Mwanzoni Chama cha Wakatoliki kilikuwa cha waungwana: ada ilikuwa gini moja (shilingi 21) kwa mwaka, na mikutano ilikosa akidi. Mwaka 1824 O'Connell akaleta ada ya peni moja kwa mwezi. Ilikusanywa parokia kwa parokia, mara nyingi mlangoni pa kanisa Jumapili, padri akijua nani ametoa. Haba na haba, kibaba kikajaa: palikuwa na fedha za mawakili, za magazeti, na za kumsaidia mpangaji aliyefukuzwa kwa sababu ya kura yake. Zaidi ya fedha, kila aliyetoa peni alijiona ana hisa. Hata chama kilipopigwa marufuku mwaka 1825 kilirudi kwa sura nyingine, na mtandao wa wakusanyaji ulikuwa bado upo.

Umoja wa Manchester ulikuwa na wenye viwanda. Uliomba pauni 50,000 mwaka 1843, pauni 100,000 mwaka 1844 na pauni 250,000 mwaka 1845. Mwezi Mei 1845 wanawake wa Umoja waliandaa mnada na maonyesho ya bidhaa katika ukumbi wa Covent Garden, London, yakaingiza kama pauni 25,000. Kwa fedha hizo walilipa wahadhiri wa kuzunguka nchi na kuchapa vijitabu. Mwaka 1843 peke yake vilisambazwa kiasi cha milioni 9. Posta ya peni moja kwa barua popote nchini, iliyoanza Januari 1840, iliwasaidia kuliko mhubiri yeyote. Sijui harakati nyingine ya wakati ule iliyouelewa mtandao wa mawasiliano wa siku zake namna ile.

Wachartisti hawakuwa na tajiri. Gazeti lao, Northern Star, lililoanzishwa Leeds mwaka 1837 na Feargus O'Connor, Mwayalandi mwenye sauti ya radi, ndilo lililokuwa shina lao. Liliuzwa peni nne na nusu, ghali kwa mfumaji, kwa hiyo walichanga na kusomeana kwa sauti kwenye vilabu na karakana. Gazeti lilichapisha habari za tawi la kila mji, nani amehutubia, nani amefungwa, nani amechangia shilingi ngapi, na hivyo msokota nyuzi wa Lancashire akajua kwamba mchimba makaa wa Wales yumo pamoja naye.

Umoja wa Ardhi ulikula kwa mkono wa ndugu walioko ng'ambo. Waayalandi waliokimbilia Marekani wakati wa njaa kubwa ya miaka ya 1840, na watoto wao, walituma fedha. Parnell alikwenda mwenyewe kuzitafuta, na tarehe 2 Februari 1880 akahutubia Baraza la Wawakilishi mjini Washington. Ni chanzo kizuri cha fedha kwa sababu kabaila hawezi kukifikia. Nacho kina hatari yake: aliye mbali huwa na hasira kuliko aliye shambani, na hakai na matokeo.

Walikuwa na nini mkononi

Hapa nitakaa zaidi.

O'Connell alikuwa na kura, za watu ambao hakuna aliyedhani wangezitumia. Tangu 1793 Mkatoliki wa Ayalandi mwenye haki ya ardhi ya thamani ya shilingi 40 kwa mwaka aliruhusiwa kupiga kura, na makabaila waliwaongeza wapangaji wa aina hiyo kwa makusudi ili wajizolee kura za bure. Mwaka 1826, jimbo la Waterford, wapangaji hao waliiangusha familia ya Beresford iliyojiona kama imeandikiwa kiti kile. Mwaka 1828 ikaja zamu ya Clare. William Vesey-Fitzgerald alikuwa ameteuliwa waziri, na kwa sheria ya wakati ule ilimbidi arudi kwa wapiga kura. Hakuwa mtu mbaya. Aliwahi hata kuunga mkono haki za Wakatoliki. O'Connell akajitosa mwenyewe. Hakuna sheria iliyomkataza Mkatoliki kugombea. Ilimkataza tu kukaa bungeni bila kula kiapo kinachosema kwamba misa ni ibada ya sanamu.

Upigaji kura ulifanyika mji wa Ennis, mapema Julai, kwa siku kadhaa. Hakukuwa na kisanduku wala karatasi. Mtu alisimama mbele ya karani akamtaja anayemtaka, kwa sauti, huku wakala wa kabaila wake akisikiliza. Vijiji viliingia mjini kwa makundi na mapadri wao mbele. Waliambiwa wasiguse pombe, wakatii, na wapinzani waliokuwa wakingoja fujo ili waite jeshi wakakosa sababu. Matokeo: O'Connell 2,057, waziri 982. Waziri Mkuu Wellington na msaidizi wake Robert Peel, wote wawili wapinzani wa dai hilo kwa miaka mingi, wakapiga hesabu ya uchaguzi ujao katika majimbo yote ya Ayalandi. Aprili 1829 sheria ikapita.

Sasa mlinganishe O'Connell huyohuyo mwaka 1843. Alikuwa akidai Ayalandi irudishiwe bunge lake, na mikutano yake ilikuwa mikubwa kuliko kitu chochote cha 1828. Ule wa kilima cha Tara, tarehe 15 Agosti, ulitajwa kuwa na mamia ya maelfu ya watu. Mkutano wa Clontarf ulipangwa 8 Oktoba. Peel, ambaye sasa ndiye Waziri Mkuu, aliupiga marufuku siku moja kabla. O'Connell, aliyechukia umwagaji damu, akauahirisha, na nguvu ikaanza kuvuja siku ileile. Peel ni yuleyule, mzungumzaji ni yuleyule, na watu walikuwa wengi zaidi. Kilichokosekana ni kitu ambacho serikali ingekikosa kama O'Connell angekizuia. Mwanafunzi anayetaka insha fupi yenye hoja kali achukue tarehe hizi mbili tu, Ennis na Clontarf, aziweke pamoja.

Wachartisti walikuwa na idadi. Ombi lao la 1839 lilikuwa na saini milioni 1.28, na Bunge la Makabwela lilikataa hata kulijadili kwa kura 235 dhidi ya 46. Usiku wa kuamkia 4 Novemba mwaka huo, wachimba makaa na mafundi chuma walishuka kutoka mabonde ya Wales kwenye mvua kubwa kwenda Newport. Askari waliokuwa ndani ya hoteli ya Westgate wakawafyatulia risasi, wakafa watu 20 na zaidi. Kiongozi wao John Frost alihukumiwa kifo, kisha akapelekwa uhamishoni Tasmania. Ombi la 1842 lilikuwa na saini zaidi ya milioni 3.3. Karatasi zilizoungwa zilifika urefu wa maili sita, likabebwa na watu kwa zamu mitaani London, na lilipofika bungeni halikupita mlangoni. Ikabidi livunjwevunjwe lirundikwe sakafuni. Kura: 287 dhidi ya 49. Macaulay, mwanahistoria aliyekuwa mbunge, alisimama akasema kura kwa wote ingekuwa kifo cha haki ya mali. Huo ndio ulikuwa ukweli wa Bunge lile, umesemwa bila kuzungusha.

Kiangazi hichohicho wafanyakazi wa Lancashire, Yorkshire na kwingineko waligoma kwa sababu ya kupunguziwa mishahara, na walikwenda kiwanda hadi kiwanda wakichomoa vizibo vya boila ili mvuke utoke na mashine zife. Hapo palikuwa na nguvu halisi. Mikutano mingi ya wagomaji ilitamka kwamba hawatarudi kazini hadi Mkataba uwe sheria. Lakini viongozi wa Wachartisti hawakuwa wameupanga mgomo huo, walibishana kama waukubali, na njaa iliwarudisha watu kazini. Kwangu mimi hii ndiyo nafasi kubwa zaidi waliyoipoteza, kuliko Newport na kuliko 1848.

Mwaka 1848 wenyewe nautaja kwa ufupi kwa sababu kila kitabu kinao. Tarehe 10 Aprili walikusanyika Kennington, kusini mwa Thames. Malkia alikuwa ameondolewa London, Wellington mzee alipanga ulinzi, na maelfu kwa maelfu ya raia waliapishwa kuwa polisi wa muda. Umati ulitawanyika kwa amani, ombi likapelekwa kwa teksi za farasi. Wachartisti walisema lina saini milioni 5.7; makarani wa Bunge walisema milioni 1.9, na kwamba jina la Malkia limo. Cheko lile liliwaua kuliko risasi. Ipo picha ya kamera ya siku hiyo, miongoni mwa za kwanza duniani kuonyesha umati, na inafaa kuitazama kabla ya kusoma chochote: kofia, mabango, na watu wametulia.

Umoja wa Manchester ulikuwa na daftari la wapiga kura. Mawakili wake walikwenda kwenye mahakama za uandikishaji kila mwaka, wakiwatetea walio wao na kuwapinga walio wa upande wa pili, jina kwa jina. Kwenye majimbo ya mashambani waliwahimiza wafuasi wanunue vipande vidogo vya ardhi vya kutosha sifa ya kura ya shilingi 40. Ni kazi isiyo na shangwe. Cobden alikuwa bungeni tangu 1841 na John Bright wa Rochdale, Mkristo wa dhehebu la Wakweka, tangu 1843. Ugonjwa wa viazi ulipoingia Ayalandi mwaka 1845, Peel, ambaye hoja zao zilikuwa zimekwisha kumwingia, aliamua kufuta ushuru. Sheria ikapita Juni 1846, na usiku uleule chama chake chenyewe kikasaidia kumwangusha kwa muswada mwingine. Katika hotuba yake ya kuondoka alimtaja Cobden kuwa ndiye anayestahili sifa.

Umoja wa Ardhi haukuhitaji utajiri wala daftari. Mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe, na Davitt aliijua methali hiyo kwa mwili wake. Alizaliwa Mayo, magharibi mwa Ayalandi, mwaka 1846. Alipokuwa na miaka 4 familia yake ilitolewa nyumbani kwa kukosa kodi, ikahamia Haslingden, Lancashire. Akiwa na miaka 11 mashine ya kiwanda cha pamba ikamkata mkono wa kulia. Ukimsoma Davitt unasoma Uingereza ya viwanda na Ayalandi ya mashamba katika mtu mmoja.

Septemba 1880, huko Ennis tena, Parnell aliuuliza umati: mtu akichukua shamba la jirani aliyefukuzwa, afanywe nini? Waliposikika wa kusema auawe, yeye akawapa njia nyingine: atengwe. Dukani, njiani, sokoni, hata kanisani, asisemeshwe. Wa kwanza kuonja kwa ukamilifu alikuwa Kapteni Charles Boycott, wakala wa kabaila Lord Erne karibu na ziwa Mask, Mayo. Wapangaji waliomba kodi ipunguzwe asilimia 25, kabaila akatoa 10, na Boycott akaleta hati za kuwafukuza. Watumishi wakaondoka. Mhunzi akakataa farasi wake, dobi akakataa nguo zake, duka la Ballinrobe halikumuuzia. Mazao yakabaki shambani. Novemba wakaja vibarua 50 wa Kiprotestanti kutoka Cavan na Monaghan kumvunia, wakilindwa na mamia ya askari, katika mvua, kwa gharama iliyokadiriwa pauni 10,000 kuokoa mazao ya pauni 500. Alipoondoka hakuna mwenye gari aliyekubali kumbeba. Alitoka kwa gari la wagonjwa la jeshi. Msomaji wa Kilifi au Kwale anayekaa kwenye shamba ambalo mwenye hati yuko mbali ataielewa Mayo haraka kuliko wengi.

Si yote yaliyokuwa ya amani. Serikali iliorodhesha zaidi ya makosa 2,500 ya vurugu za mashambani mwaka 1880, zikiwemo barua za vitisho, ng'ombe waliokatwa na watu waliopigwa risasi. Anayeifundisha harakati hii kama hadithi safi ya kususia anaificha nusu yake.

Ushindi ulilipwa na nani

Harakati tatu kati ya hizi zilipata sheria, na kila sheria ilikuja na bili.

Ya O'Connell ndiyo chungu zaidi. Pamoja na sheria ya 1829, Bunge lilipandisha sifa ya kura katika majimbo ya vijijini ya Ayalandi kutoka shilingi 40 hadi pauni 10, yaani shilingi 200. Wapiga kura wakashuka kutoka kama 216,000 hadi kama 37,000. Wale wakulima waliosimama Ennis mbele ya wakala wa kabaila ndio walionyang'anywa kura, ili mawakili Wakatoliki wakakae London. O'Connell alipinga, lakini hakuiachia sheria ianguke kwa ajili yao.

Bili ya Manchester inabishaniwa. Wachartisti walisema tangu mwanzo kwamba wenye viwanda wanataka mkate wa bei nafuu ili washushe mishahara, na walivamia mikutano ya Umoja kusema hivyo. Bei ya mkate haikuporomoka kama ilivyoahidiwa. Na Ayalandi, iliyotumika kama sababu ya kufuta sheria, haikuokolewa: njaa ilikwisha kuua kama watu milioni 1 na kuwafukuza wengine kiasi hicho kabla haijapoa. Mtu asiye na fedha hanunui hata nafaka isiyo na ushuru.

Umoja wa Ardhi ulipata sheria ya Waziri Mkuu Gladstone ya 1881, iliyounda mahakama za kupanga kodi, na kodi zikashuka kwa wastani wa kati ya asilimia 15 na 20. Lakini wenye malimbikizo waliachwa nje hadi mwaka uliofuata, na kibarua asiye na shamba hakupata la maana. Viongozi walipofungwa Oktoba 1881, kazi yote iliangukia Umoja wa Ardhi wa Wanawake chini ya Anna Parnell, dada yake Charles: kujenga vibanda vya waliofukuzwa, kulisha familia za wafungwa, kuhudhuria ufukuzaji kwenye baridi na tope. Kaka alipotoka gerezani Mei 1882 baada ya kuafikiana na serikali, alikata fedha za wanawake hao hadi umoja wao ukafungwa. Anna hakumsamehe. Umiliki wenyewe ulikuja polepole, kwa kishindo kikubwa zaidi kupitia sheria ya 1903 iliyowakopesha wapangaji fedha za kununua mashamba.

Wachartisti hawakupata kitu wakiwa hai kama harakati. Kisha ukatazame miaka: sharti la mali lilifutwa 1858, kura ya siri ikaja 1872, majimbo yakasawazishwa kwa sehemu kubwa 1885, mshahara wa wabunge 1911, kura kwa wanaume wote 1918. Matano kati ya sita. Wengi wa waliodai hawakuwepo kuyaona. William Cuffay, fundi cherehani mweusi wa London ambaye baba yake alizaliwa utumwani St Kitts, kisiwa cha Karibea, alikamatwa 1848, akapelekwa Tasmania, akafia huko mwaka 1870, mshonaji na mchokozi wa serikali hadi uzeeni.

Basi uchague

Unaendesha chama chenye watu wengi na fedha kidogo: anza na Umoja wa Ardhi, uanzie Mayo badala ya Westminster, yaani bungeni London. Fuatilia kila mtu aliyemkatalia Boycott alikuwa anampa nini kabla. Halafu soma habari za Anna Parnell hata kama una haraka, kwa kuwa chama chako nacho kina watu wanaofanya kazi wakati viongozi wako gerezani au safarini.

Una wafadhili na sheria moja unayotaka ibadilishwe: Umoja wa Manchester hauna mpinzani. Usitegemee hotuba za Cobden. Tafuta habari za mawakili wa daftari na vijitabu vya posta.

Kwa insha ya chuo ningechagua Wachartisti. Nyaraka ni nyingi, wanahistoria bado wanabishana, na unaweza kuandika juu ya mji mmoja au mtu mmoja bila kurudia ya wengine. Cuffay peke yake anatosha.

Kwa darasa la sekondari lenye vipindi vitatu, chukua O'Connell. Cha kwanza kiwe Ennis 1828, wanafunzi wakipiga kura kwa sauti mbele ya "wakala" aliyeshika orodha. Cha pili bili ya 1829. Waache wabishane kama wangeipokea. Cha tatu Clontarf.

Na anayebabaika kati ya Manchester na Wachartisti, kwa sababu zinakwenda miaka ileile katika mitaa ileile, asizitenganishe: asome mwaka 1842 pekee, pande zote mbili, mwezi kwa mwezi. Hapo ndipo mwenye kiwanda anayehubiri mkate nafuu na mfanyakazi anayechomoa kizibo cha boila lake wanapokutana uso kwa uso.